Uso Fanta, kondo taabani!

Mimi wiki hii sina utani mwingi. Siku zote hapa tunapiga soga za mapenzi, mitindo na nani kaonekana wapi na nani. Leo nina kesi ya kujibu, na hakimu ni wewe. Vuta kiti.

Mimi ni mtoto wa Sumbawanga. Nimekulia Katandala, nikamaliza fomu foo hukohuko, ndipo nikapanda basi kuja Dar kubangaiza. Kwa ambao hamjafika, mji wetu uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ikifika mwezi wa sita na wa saba baridi yake haina adabu. Ngozi inapauka, midomo inapasuka, na ukijikuna mguuni unaweza kuandika jina lako likasomeka. Ninyi mnaolala na feni mtaniona muongo, shauri yenu.

Sasa basi, Julai mwaka jana dada yangu alikuwa na sendofu. Ni mtoto wa mama mkubwa, na jina lake nalihifadhi maana ana mume na wakwe. Tumwite Dada Mkubwa. Mimi mdogo mtu, tena natoka Dar, nisingeweza kwenda mikono mitupu. Ningeweza kupeleka vitenge. Ningeweza kupeleka hata masufuria. Mimi nikapeleka krimu: tyubu sita, pamoja na kopo la losheni la kuchanganyia. Muuzaji wa vipodozi alinihakikishia, "Mdogo wangu, hii wiki mbili tu, bi harusi atang'aa kama taa ya gari." Nikalipa huku natabasamu.

Na kweli aling'aa, asikuambie mtu! Dada Mkubwa ni maji ya kunde halisi, mzuri wa kuzaliwa. Siku ya sendofu alikuwa rangi ya chungwa. Mashangazi wakapiga vigelegele, shemeji akawa haambiliki. Picha zilipotoka watu wote wakaniuliza mimi, "Umempa nini dada yako?" Nikavimba kichwa.

Zile tyubu sita zilipokwisha, Dada Mkubwa hakuacha. Ataachaje wakati kila mtu anamsifia? Tyubu za aina ileile alizipata pale mjini, kwa wachuuzi wanaoleta mizigo kutoka mpakani. Kila Jumapili anakamua tyubu moja kwenye losheni, anakoroga, anapaka wiki nzima shingo mpaka kidole cha mguu. Halafu, kwa vile ni baridi, anavaa sweta na kujifunga kitenge juu yake. Miezi miwili baada ya ndoa akaniambia kwa simu, "Mdogo wangu, naona mambo yamejibu." Tukacheka, tukapongezana. Hakuna kati yetu aliyefikiria krimu. Krimu si inapakwa nje, na mtoto yuko ndani? Ebo!

KIFUNDO CHA KIDOLE HAKIDANGANYI

Mtoto amezaliwa mwaka huu, wiki ya 38, wakati wake kabisa. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kumpokea. Wa kike, mzuri, ana nywele za kusuka. Lakini mizani ilisema kilo 2.1. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 anahesabika kuwa na uzito pungufu, na wa kwetu akawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Kwa baridi ya Ufipa, hilo si jambo la kucheza nalo.

Bibi yetu alikuwepo, ametoka kijijini na kikapu chake. Swali lake la kwanza halikuwa la mtoto. Aliuliza, "Kondo liko wapi?" Enzi zake kondo lilizikwa nyumbani, kwa heshima. Muuguzi, mama wa makamo, akamjibu taratibu, "Shikamoo bibi. Kondo limeshakwenda kwenye shimo lake. Lilikuwa dogo, bibi." Bibi akatikisa kichwa. "Kondo dogo, mtoto mdogo," akasema.

Yule muuguzi akamgeukia Dada Mkubwa. Hakumwangalia usoni, alimwangalia mikononi. Si unajua tena, uso Fanta, vifundo vya vidole Coca-Cola. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, wakati wa ujauzito ulikuwa unapaka nini?"

Dada Mkubwa hakujibu. Aliniangalia mimi.

Msomaji wangu, nimeshaachwa na mwanamume mbele za watu, nimeshafukuzwa nyumba ya kupanga, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Muuguzi akasema, "Sisemi ni krimu. Nauliza ili niandike." Mimi nikatoka nje, nikasimama kwenye upepo. Nikajiuliza: hivi krimu ya usoni inafikaje kwenye kondo? Sikulala mpaka nikapata wa kunieleza.

TANURU LA WAFIPA

Nilimpata daktari mmoja wa akina mama. Aliniuliza, "Binti, Baiolojia ulipata ngapi?" Nikamwambia, "D, dokta." Akacheka: "Basi twende polepole." Tangu siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza kila mwenye nafasi. Hiki ndicho nilichokipata, nami nakupa kwa lugha yetu.

Sisi wengi tunadhani kondo la nyuma ni takataka, kitu cha kutupwa baada ya mtoto kutoka. Uongo mtupu. Kondo ni kiungo kamili, kama ini au figo, ila chenyewe kinaundwa kwa kazi moja na kustaafu siku hiyohiyo mtoto anapozaliwa. Mimba ikitimia huwa na uzito wa karibu nusu kilo, limekaa kama chapati nene, upana wa sentimita 20 na kitu. Upande mmoja limeshika mji wa mimba, upande wa pili unatoka uzi wa kitovu. Chakula, hewa na uchafu vyote vinapita hapo, ingawa damu ya mama na ya mtoto kwa kawaida hazichanganyiki.

Tena kondo ni kiwanda. Hapo nikawakumbuka wazee wetu. Zamani Ufipa ilisifika kwa chuma. Wafuaji walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, kimo chake yanampita mtu, na moto wake ulivuta upepo wenyewe bila mivukuto. Watafiti walioandika habari hizo wanasema tanuru lilipambwa kama bi harusi, na kuyeyusha chuma kukafananishwa na ujauzito. Wazee hawakuwa wajinga! Ndani ya mama kweli kuna tanuru, na mojawapo ya vitu linavyotoa ni homoni za ukoo wa steroidi.

Usiogope neno. Steroidi ni homoni zinazotengenezwa mwilini kutokana na kolesteroli, yaleyale mafuta ya kwenye damu. Kwa mama mjamzito zipo tatu za kukumbuka: projesteroni, estrojeni na kotizoli.

Projesteroni ndiyo mlinda amani. Inautuliza mji wa mimba usijikaze na kumtoa mtoto kabla ya siku zake. Wiki za mwanzo inatoka kwenye ovari. Kati ya wiki ya 7 na ya 10 hivi kondo linapokea kazi, na mimba ikikaribia kutimia linatengeneza karibu miligramu 250 kwa siku, kama mara kumi ya zile ambazo ovari hutoa kwenye siku zake nzuri za mwezi.

Estrojeni inaongeza damu kwenye mji wa mimba na kuandaa matiti kwa ajili ya maziwa. Na hapa kuna uhondo. Kondo peke yake haliwezi kuitengeneza, halina kifaa kimoja cha lazima. Kwa hiyo mtoto mwenyewe, akiwa tumboni, anatuma malighafi kutoka kwenye tezi zake zilizokaa juu ya figo, ini lake linaongeza ufundi, kondo linamalizia. Umeona? Mama, kondo na mtoto wanafanya kazi zamu moja. Ndiyo maana zamani, ultrasaundi ilipokuwa haijaenea, madaktari walipima aina moja ya estrojeni kwenye mkojo wa mama ili wajue mtoto anaendeleaje. Ikishuka, wanashtuka.

MLINZI WA GETI

Ya tatu ni kotizoli. Hii ndiyo homoni ya mshikemshike: ukiogopa, ukiumwa, ukigombana na mama mwenye nyumba, inapanda. Mama akiwa mjamzito inapanda zaidi hata bila ugomvi, mara mbili mpaka tatu ya kawaida. Mtoto anaihitaji kidogo, hasa mwishoni, maana ndiyo inayokomaza mapafu yake. Ikimjia nyingi mapema, inamwambia "acha kukua, anza kukomaa". Anabaki mdogo.

Kwa hiyo Mungu ameweka mlinzi getini. Ndani ya kondo kuna kimeng'enya kinachoikamata kotizoli ya mama na kuigeuza kuwa kitu kisicho na makali kabla haijafika kwa mtoto. Sehemu kubwa ya kotizoli inaishia hapo. Ni geti kali, si mchezo!

Lakini mlinzi huyu anaijua kotizoli ya mwilini. Ukimletea steroidi za maabara, nyingine zinamshinda. Prednisoloni, dawa wanayopewa watu wa pumu na magonjwa mengine, kondo linaivunja vizuri, kinachovuka ni kidogo. Deksamethazoni na betamethazoni zimeundwa kwa namna ambayo mlinzi hawezi kuzikamata sawasawa, zinapita.

Sasa chukua ile tyubu. Soma maandishi madogo kama yapo, maana mengine yamefutwa au ni ya lugha isiyosomeka. Mara nyingi utakuta neno klobetasoli. Hiyo ni steroidi ya daraja la juu kabisa kwa nguvu, ndugu wa karibu wa betamethazoni, na kwenye ngozi ina nguvu mamia ya mara kuliko haidrokotizoni ya kawaida. Madaktari wa ngozi wanaitumia, ndiyo, lakini wanakuandikia kidogo, sehemu ndogo, siku chache. Haikutengenezwa kupakwa mwili mzima kama mafuta ya nazi.

"Lakini si inakaa juu ya ngozi?" Hilo nililiuliza mimi mwenyewe. Daktari akanijibu kwamba ngozi si turubai. Steroidi kali inaifanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi nyembamba inapitisha zaidi. Ukipaka mwili mzima inaingia zaidi. Ukifunika kwa nguo nzito, inaingia zaidi tena. Nikakumbuka sweta na kitenge cha Dada Mkubwa, nikanyamaza.

Ikishaingia kwenye damu, tezi za mama zinazotoa kotizoli zinadhani kazi imeshafanywa, zinalala. Na steroidi kali ikivuka mpaka kwa mtoto, tezi zake nazo zinapunguza kazi. Kumbuka ndizo zilizokuwa zinatuma malighafi ya estrojeni. Zamu nzima inavurugika. Kwa wanyama imeonekana kwamba steroidi hizi zikizidi, kondo lenyewe linakua kwa shida na mishipa yake ya damu inapungua.

DAKAR NA UINGEREZA WAMESHAONA

Usidhani ni hadithi za kutishana. Dakar, Senegali, ambako kina dada wanajichubua kama sisi, watafiti waliwachunguza wajawazito 99 wa kliniki ya kawaida, wa kuanzia miezi sita hadi tisa. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Kati yao 68 walikuwa wanajichubua katika mimba hiyohiyo! Waliotumia steroidi kali walikuwa 28. Hao walikutwa na kotizoli ya chini kwenye damu, kondo dogo zaidi, na wengi zaidi wao walijifungua watoto wenye uzito pungufu, ukilinganisha na wasiotumia.

Nilipofika kwenye maneno "kondo dogo zaidi", niliweka karatasi chini. Bibi yangu hajasoma hata darasa moja, lakini alikuwa amesema hivyohivyo.

Huko Uingereza nako mwaka 2013 watafiti walitoa hesabu zao juu ya wajawazito waliopaka krimu za steroidi walizoandikiwa na madaktari. Za nguvu ndogo hazikuonyesha tatizo. Za nguvu kubwa, zikizidi gramu 300 kwa mimba nzima, hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito pungufu ilipanda.

Haya, kalamu na karatasi. Tyubu moja ya Dada Mkubwa ni gramu 30. Tyubu kumi tu, gramu 300 hizo. Yeye alikuwa anakamua moja kila Jumapili. Kwa wiki 36 ni gramu 1,080. Zaidi ya kilo! Hesabu ya darasa la tatu hiyo, lakini ilinitoa jasho na baridi yote ile.

Na hapo sijataja wenzake wanaokaa kwenye kopo moja na klobetasoli. Zebaki, ambayo mafundi wa mkorogo wanaipenda kwa kung'arisha, inavuka kondo na kuingia kwa mtoto. Haidrokwinoni inafyonzwa na ngozi kwa wingi kuliko wengi tunavyodhani. Ndiyo maana vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu. Zamani msimamizi alikuwa TFDA, tangu mwaka 2019 kazi ya vipodozi iko TBS. Marufuku ipo, na tyubu zipo. Mimi mwenyewe niliuziwa mchana kweupe, tena nikarudishiwa chenji.

NISEME KWELI YOTE

Sasa nisije nikahukumu bila ushahidi. Je, ni krimu yangu iliyomfanya mpwa wangu azaliwe na kilo 2.1? Daktari hakusema hivyo, wala mimi sitasema. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo kwa sababu nyingi. Presha ya mimba inabana mishipa inayolisha kondo. Lishe duni na upungufu wa damu vimo. Malaria ndiyo hatari ya pekee: vimelea vyake vinajificha ndani ya kondo lenyewe, na mama anaweza asiwe hata na homa. Kule kwetu juu kwenye uwanda baridi inatusaidia kidogo, lakini ukiteremka bonde la Ziwa Rukwa, Muze na Mtowisa huko, joto na mbu ni kama Pwani. Ndiyo maana kliniki wanatoa vidonge vya SP kuanzia kipindi cha pili cha mimba, pamoja na chandarua. Usivifiche chini ya ulimi.

Dada Mkubwa alimeza SP, presha yake ilikuwa nzuri, damu ilitosha. Ilibaki tyubu. Sina hakika, na hiyo hali ya kutokuwa na hakika ndiyo inayoniuma, maana kama ningepeleka vitenge nisingekuwa na swali lolote la kujiuliza.

SINDANO YA HOSPITALI SI MKOROGO

Hapa naomba usiruke mstari, maana kuna mtu anaweza kupoteza mtoto kwa kunielewa nusu.

Baada ya kuwahubiria mashosti wangu habari hizi, mmoja aliniambia, "Basi mimi hospitali wakitaka kunichoma steroidi nikiwa na mimba, nakataa." Jamani, hapana! Ukoo ni mmoja, kazi ni nyingine.

Miaka ya 1960 huko New Zealand daktari mmoja, Graham Liggins, alikuwa anachunguza kondoo wenye mimba. Aliona wanakondoo waliopata steroidi wakizaliwa kabla ya wakati wanapumua, ingawa kwa umri wao mapafu yalitakiwa yawe bado hayajawa tayari. Yeye na mwenzake Ross Howie wakajaribu kwa akina mama waliokuwa karibu kujifungua njiti, na mwaka 1972 wakatangaza matokeo: watoto wengi zaidi walipumua, wengi zaidi waliishi.

Kwenye nchi kama zetu bado kulikuwa na ubishi. Mwaka 2015 majaribio makubwa yaliyofanyika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, yalionyesha kwamba sindano hizi zikitolewa ovyo kwenye ngazi za chini, kwa akina mama ambao wengi wao hata hawakujifungua njiti, vifo vya watoto wachanga havikupungua, viliongezeka. Shirika la Afya Duniani likarudia kwa uangalifu kwenye hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Walichukuliwa akina mama 2,852, mimba ikipimwa umri kwa ultrasaundi. Matokeo ya mwaka 2020: waliochomwa deksamethazoni, kati ya watoto wao 100 walikufa karibu 20. Wasiochomwa, walikufa zaidi ya 23. Tofauti hiyo ni watoto wazima wanaorudi nyumbani na mama zao.

Umeona mchezo? Dawa ni ileile inayomshinda mlinzi wa geti, na hospitali wanaitumia kwa sababu hiyohiyo: inapita mpaka kwenye mapafu ya mtoto. Lakini wanahesabu. Miligramu 24 kwa jumla, zimegawanywa sindano nne ndani ya siku mbili, kwa mimba yenye umri unaostahili, kwa mama ambaye kweli yuko karibu kujifungua njiti. Mkorogo hauna kipimo, hauna mwisho, na anayekuchanganyia hajui hata wiki yako ya mimba. Tofauti ya dawa na sumu hapa ni kipimo na wakati. Basi.

Kwa hiyo dada mwenye pumu, usitupe dawa yako. Mwenye ukurutu aliyeandikiwa krimu nyepesi, muulize daktari wako, usijifanyie uamuzi kwa kusoma gazeti. Na wewe unayetumia mkorogo sasa hivi huku una mimba, usiache kimyakimya ukajifungia ndani. Tezi zako zinaweza kuwa zimelala, na ukikatisha ghafla mwili unaweza kuyumba. Nenda kliniki, beba tyubu yenyewe, waonyeshe. Utaona aibu dakika tano. Mimi nimeona aibu miezi kadhaa, bora ya kwako.

KINA KAKA, MSIJICHEKESHE

Nanyi kina kaka mnaosoma huku mnaguna "wanawake bwana", mnafikiri dada zetu wanajichubulia nani? Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini kila ngozi ya mkewe ilipoanza kurudi maji ya kunde alikuwa anauliza, "Vipi, unaumwa?" Neno dogo tu hilo, Jumapili inayofuata tyubu inakamuliwa. Siku muuguzi alipouliza lile swali, shemeji naye alikuwa pale mlangoni. Alitazama chini muda mrefu kuliko mimi.

Mpwa wangu ana miezi minne sasa, na juzi mizani ya kliniki ilisoma kilo tano na nusu. Ananyonya kama anadai deni. Dada Mkubwa kliniki wanamfuatilia, ngozi yake ina mabaka na mistari kwenye mapaja, inamuwasha, lakini inarudi polepole. Nilipompigia kumwomba msamaha kwa mara ya ngapi sijui, alinikatisha: "Mdogo wangu, krimu ulileta wewe, mkono wa kupaka ulikuwa wangu. Ukija Krismasi niletee mafuta ya nazi, huku baridi bado ipo."

Wenyeji tunaeleza kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Watu wa mikoa mingine mnatutania sana kwa hilo, mnauliza kama usiku tunasafiri kwa ungo. Sawa, taniani. Ila mimi nimekuja kuona kwamba uchawi uliomsogelea mpwa wangu haukuruka na ungo. Uliingia kwa basi la kutoka Dar, ndani ya begi langu, umefungwa karatasi ya zawadi yenye maua. Ule wako uko wapi? Kama uko juu ya meza ya kioo, na una mimba au unaitafuta, unajua la kufanya. Sumba!

Haya, hukumu yangu naisubiri. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu yale, nina kisa cha bwana mmoja na wachumba wawili wa mtaa mmoja. Kaa mkao wa kula.